Namba Inayofuata Baada ya Ishirini na Tisa

Tabea Sadoki alikuwa na miaka arobaini na minne alipoambiwa, pamoja na vibarua wenzake ishirini na sita, kwamba kazi yao itaamuliwa kwa karatasi ya maswali. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefungasha mbegu katika ghala moja la Daraja Mbili: mahindi, maharage, karoti, sukuma wiki. Alichota kilo mbili za mahindi kwa kopo, na mizani ikasoma kilo mbili. Mbegu iliyoharibika aliijua kwa kuishika tu, macho yake yakiwa kwingine. Hayo yote hakuna aliyemwuliza.

Bwana Ndesanjo, ofisa utumishi wa ghala, alisimama asubuhi ile mbele ya magunia akasoma barua ya wenye mali wapya. Nafasi za kudumu zilikuwa nane. Watakaozipata watapewa mkataba na bima ya afya, yao wenyewe na ya wazazi wao. Watakaokosa wataagwa mwisho wa mwezi. Mtihani ungefanyika baada ya wiki tatu, maswali thelathini kwa dakika arobaini, na karibu yote yangekuwa ya mfuatano wa namba.

"Mfuatano wa namba ndiyo nini, Bwana Ndesanjo?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa nyuma.

"Unapewa namba kadhaa, unatafuta inayofuata. Ni akili tu, mama. Haina kukariri."

"Basi mimi nimeshaondoka," mama yule akasema, na watu wakacheka.

Tabea hakucheka. Alikuwa amebaki kwenye maneno mawili: wazazi wao.

Mama yake alikwisha kufa. Aliyebaki alikuwa baba yake, Mzee Sadoki, aliyeishi peke yake katika mteremko wa mlima Meru, juu ya Kikatiti, kwenye migomba na mibuni iliyopandwa na babu yake. Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Sadoki alikuwa mzee wa mfereji ulioteremka kutoka msituni na kunywesha mashamba ya nyumba kumi na tisa. Yeye ndiye aliyejua leo maji ni ya nani na kesho ni ya nani. Hakuandika popote. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, aliyoitundika kwenye msumari wa mlango, na ugomvi wa maji ulipofika barazani kwake aliishusha kamba hiyo, akapapasa mafundo, akasema, na watu wakaenda zao. Wameru wa siku zile walijua kugombana, lakini walijua pia kunyamaza mbele ya kamba ile.

Sasa mzee alikuwa anapofuka. Presha ya macho ililizima jicho la kushoto polepole, bila maumivu, kama kandili inayoishiwa mafuta, naye akadhani ni uzee. Siku Tabea alipompeleka kliniki ya macho mjini, jicho hilo lilikuwa limekwisha. Lilibaki la kulia. Daktari wa pale, mwanamke wa Kichaga aitwaye Agnela, aliwapa dawa ya matone na kadi ya manjano. Matone yatiwe kila siku, jioni, bila kuacha. Kila mwezi mzee arudi apimwe presha ya jicho, namba iandikwe kwenye kadi. Dawa itachelewesha mambo; kitakacholiokoa jicho ni upasuaji. Na upasuaji, kwa kibarua, ulikuwa jambo la kusikia tu redioni. Kwa mwenye bima ulikuwa jambo la kupanga tarehe.

Kwa hiyo Tabea hakuwa na njia nyingine. Ilikuwa lazima awe mmoja wa wale wanane.

*

Alinunua kijitabu cha maswali katika duka la vifaa vya shule, akakifungua chumbani kwake Lemara, Jumapili baada ya ibada. Mbili, nne, sita, nane. Hilo alilijua. Tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne. Hapo alikwama kidogo, akapita. Ukurasa wa pili namba zilianza kupanda na kushuka kama watu wasioelewana, na ukurasa wa tatu alikifunga kijitabu, akakiweka chini ya mto, kana kwamba kilikuwa kinamtazama.

Haikuwa kwamba hakusoma. Alimaliza darasa la saba katika shule iliyoachwa na wamisionari, chini ya Mwalimu Ephraimu, na tebo ya kuzidisha aliiimba mpaka ya kumi na mbili kwa sauti ile ile waliyoimbia tenzi. Lakini Mwalimu Ephraimu, Mungu amrehemu, aliuliza saba mara nane ni ngapi. Hakuwahi kuuliza kinachofuata ni nini.

Aliyemsaidia alikuwa Lilian, binti wa miaka ishirini na mitatu, mhitimu wa kidato cha sita aliyekaa naye meza moja ya kufungasha. Naye alikuwa anagombea nafasi zile zile nane. Saa ya chakula walikaa nyuma ya ghala juu ya magunia matupu, kila mmoja na bakuli lake la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kijitabu kikiwa katikati yao.

"Mama Sia," alisema Lilian, maana Tabea alijulikana hapo kwa jina la binti yake aliyeolewa Himo, "unakosea kitu kimoja. Unazitazama namba usoni."

"Nizitazame wapi, mgongoni?"

"Katikati. Tazama mapengo." Lilian aliandika kwa kalamu: nne, saba, kumi, kumi na tatu. "Kutoka nne kwenda saba umeruka ngapi?"

"Tatu."

"Saba kwenda kumi?"

"Tatu. Na tena tatu." Tabea akaegemea ukuta. "Kumi na sita."

"Umeona? Namba ni meno tu. Siri iko kwenye mapengo, kama mdomo wa Bwana Ndesanjo."

"Wewe mtoto utafukuzwa kabla ya mtihani," Tabea alisema, lakini alicheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa siku nyingi.

Siku zilizofuata Lilian alimfundisha mapengo yanayokua. Tatu, nne, sita, tisa, kumi na tatu. Pengo la kwanza moja, la pili mbili, la tatu tatu, la nne nne, linalofuata tano, kwa hiyo kumi na nane. "Hapa kuna mtu anaongeza kitu," alisema Lilian. "Namba hazikui zenyewe. Kila hatua kuna mtu anaongeza moja juu ya kile alichoongeza jana. Mtafute huyo mtu, na jibu umelipata." Tena alimwonya: "Na ukipewa namba mbili tu usijibu. Mbili na nne, inayofuata ni ngapi?"

"Sita."

"Au nane. Au saba. Namba mbili hazitoshi kitu, Mama Sia. Omba ya tatu."

Tabea alijifunza kama mtu anayekimbizwa. Alijifunza akisubiri maji bombani, akichambua mchele, akipanga mstari wa kupokea ujira. Namba za nyumba, namba za pikipiki, namba za nyimbo zilizowekwa ubaoni kanisani. Kila zilipokaa tatu pamoja alitazama katikati yake. Katika ibada moja alijikuta anatafuta wimbo wa nne ambao haukuwapo, akainamisha kichwa kwa haya.

*

Kadi ya manjano alikuwa nayo yeye, kwa sababu mzee angeipoteza. Ilikaa ndani ya Biblia yake. Ilibaki wiki moja na siku chache kabla ya mtihani alipoitoa kuangalia tarehe ya kurudi kliniki, Alhamisi itakayofuata mtihani, na macho yake, ambayo sasa yalikuwa na mazoea yake mapya, yakateremka kwenye safu ya namba bila yeye kuyaamuru.

Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Ishirini na tisa.

Moja, mbili, tatu, nne.

Alikaa kitandani. Alihesabu tena kwa vidole, kama mtoto, akitumaini kwamba amekosea. Hakuwa amekosea. Miezi mitano, namba tano, na mapengo yaliyokua kwa utaratibu ule ule aliofundishwa juu ya magunia. Inayofuata ilikuwa thelathini na nne. Baada yake arobaini. Baada yake arobaini na saba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na elimu ya kuona mbele, na mbele hakukuwa na kitu ila giza la baba yake.

Kesho yake aliomba ruhusa ya saa mbili, akaenda kliniki bila miadi, akangoja kwenye benchi mpaka Daktari Agnela alipotoka kunywa chai.

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona leo? Mzee yuko wapi?"

"Hajambo, yuko nyumbani. Nina swali moja tu." Akamwonyesha kadi. "Nikikuambia safari hii itakuwa thelathini na nne, utasemaje?"

Daktari aliitazama kadi, akamtazama Tabea. "Nani amekuambia?"

"Namba zenyewe."

"Mwili haufuati hesabu, mama."

"Lakini ukifuata?"

Daktari Agnela alishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Ukifuata," alisema, "basi siwezi kukuahidi kwamba jicho hilo litaona sikukuu ya Krismasi. Ndiyo maana nasema upasuaji. Dawa anatia?"

"Anatia. Si alikujibu mwenyewe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi uliopita daktari alimwuliza mzee kama anaacha kutia dawa, na Mzee Sadoki alijinyoosha kwenye kiti kama shahidi mahakamani, akasema, "Sijaruka zamu hata moja, mwanangu." Mtu mwenye sauti ile hashukiwi.

"Basi dawa imeshindwa," alisema daktari kwa upole. "Inatokea. Harakisheni hiyo bima."

Tabea alirudi ghalani kwa miguu. Juu ya mji mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Alipita sokoni bila kununua chumvi aliyokusudia kununua, na siku ile alifungasha pakiti kumi na mbili za karoti zenye lebo ya kabichi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kwa miaka kumi na mmoja.

Tangu hapo alisoma kwa hofu. Alipokosa swali moja alilia. Lilian alimwambia apumzike. Alimjibu vibaya, kisha akamwomba radhi. Usingizi ulimjia vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na namba ndani yake. Alijaribu kusali, na sala yake ikaishia kwenye hesabu: nafasi nane, watu ishirini na saba, jicho moja.

*

Mtihani ulifanyika Ijumaa asubuhi katika chumba cha kulia cha ghala. Meza zilitenganishwa. Bwana Ndesanjo aligawa karatasi akiwa amevaa koti, ingawa kulikuwa na joto la kiangazi. Lilian alikaa mbele ya Tabea kwa meza mbili. Aligeuka mara moja tu, akamkonyeza.

Swali la kwanza mpaka la kumi Tabea aliyapita kama mtu anayeshuka mteremko anaoujua. Mkono wake ulikuwa mtulivu. La kumi na moja lilimchelewesha, akaliweka jibu lisilo na hakika, akaendelea. Alipofika la kumi na sita alitazama saa ya ukutani, akaona ana muda wa kutosha, na kwa dakika ile moja aliamini kwamba atapata.

Swali la kumi na saba lilikuwa hili: saba, nane, kumi, kumi na tatu, kumi na saba.

Moja, mbili, tatu, nne. Jibu lilikuwa ishirini na mbili. Alilijua kabla ya kumaliza kusoma. Lakini kalamu haikushuka. Ilikuwa kadi ile ile imevaa nguo nyingine, na kuijaza nafasi ile kulimwia kama kuweka sahihi kwenye hukumu. Akajilazimisha. Akaandika ishirini, akaandika mbili ya pili pembeni yake, na maneno ya Lilian yakamjia, makavu kabisa, kama vile ameyasema sasa hivi mbele ya watu wote: hapa kuna mtu anaongeza kitu. Mtafute huyo mtu.

Nani anaongeza?

Akaona mfereji. Akajiona msichana wa miaka tisa, kiangazi kikali, akitembea nyuma ya baba yake juu ya kingo kavu. Baba alikuwa na kamba ya mafundo begani, na nyumba baada ya nyumba watu walitoka kumwuliza zamu yao. Katika mfereji ule chemchemi ilipopungua hakuna nyumba iliyonyimwa maji. Wazee walikuwa na utaratibu wao, wa tangu kabla ya kanisa. Duru ya kwanza, mfereji ulipumzishwa siku moja kati ya zamu na zamu, ili kidimbwi cha juu kijae. Duru ya pili, siku mbili. Duru ya tatu, siku tatu. Kila duru waliongeza siku moja ya kungoja, mpaka mvua zirudi. Kila mgomba ulipata kidogo, kwa kuchelewa zaidi na zaidi, na hakuna uliokufa.

Moja, mbili, tatu, nne.

Na akakumbuka siku nyingine, ya karibu. Miezi mitano iliyopita vibarua walipunguziwa siku za kazi, kutoka sita kwa wiki hadi nne, naye alimpelekea baba yake chupa ya dawa ya mwezi ule, akamweleza habari hiyo kama mtu anavyoeleza habari za hali ya hewa. Mzee alicheka kidogo. Alisema, "Kumbe chemchemi imepungua." Yeye alidhani ni mzaha wa uzee.

Tabea aliweka kalamu mezani.

Alijaribu swali la kumi na nane. Aliliona, alilisoma, halikuwa na maana yoyote. Kama huu ni mwezi wa sita, basi sasa mzee anangoja siku tano kati ya tone na tone. Leo ni siku ya ngapi? Ya tatu? Ya tano? Akasimama, na kiti kikapiga kelele juu ya sakafu.

"Mama Sia," alisema Bwana Ndesanjo kwa sauti ya chini, "bado dakika kumi na mbili."

"Najua."

"Ukitoka hurudi. Ndiyo kanuni."

"Najua, baba." Akamkabidhi karatasi.

"Mama Sia!" Lilian alinong'ona, akiwa amegeuka mwili mzima. "Kaa chini! Umerogwa?"

Angeweza kungoja. Jicho lisingezimika katika dakika kumi na mbili. Watu walimwambia hivyo baadaye, tena si mara moja, naye hakubishana nao. Lakini mtu aliyeuona moto nyumbani kwao haulizwi kwa nini hakumaliza kufunga kamba za viatu.

*

Alifika juu ya Kikatiti saa saba mchana, kipande cha mwisho kwa pikipiki. Mzee Sadoki alikuwa ameketi barazani juu ya kigoda, anapukuchua maharage kwa kupapasa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wewe ni Tabea, lakini leo si Jumamosi."

"Leo ni Ijumaa."

"Basi umefukuzwa kazi."

"Baba, dawa umetia lini?"

Mzee aliendelea na maharage. "Zamu bado."

"Zamu ni lini?"

Aliinuka, akaenda mlangoni kwa hatua alizozihesabu, akaishusha kamba msumarini. Vidole vyake vilipita juu ya mafundo, taratibu, vikasimama. "Keshokutwa," alisema.

Tabea aliingia ndani. Katika rafu iliyokuwa ya mama yake kulikuwa na kopo la kahawa. Ndani yake kulikuwa na chupa mbili tupu, moja iliyofunguliwa, na tatu ambazo hazijavunjwa hata muhuri. Alitoka nazo mkononi, akasimama mbele ya baba yake.

"Umeziona," alisema mzee. Na ajabu ni kwamba uso wake ulikuwa na furaha iliyofichwa, kama mtu ambaye zawadi yake imegunduliwa kabla ya siku yake. "Hizo tatu ni zako. Miezi mitatu hutanunua. Ulisema siku za kazi zimepungua. Nikasema, chemchemi inapopungua hailaumiwi. Nikaweka mgao wa kiangazi."

"Baba."

"Miaka thelathini na mmoja, Tabea. Hakuna mgomba uliokufa mikononi mwangu."

"Baba, jicho si mgomba!"

Hakuwahi kumpigia kelele baba yake. Kuku walitawanyika. Jirani mmoja, Resiato, aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe upande wa pili wa ua, alisimama, kisha akainama tena kwa adabu kama asiyesikia.

"Jicho likikosa maji siku nne halinyauki ili lichipue tena," Tabea alisema, sasa kwa sauti iliyopasuka. "Linakufa kipande kile. Kila ulipoongeza siku, presha ilipanda. Iko kwenye kadi. Mwezi wa kwanza wa mgao moja, wa pili mbili. Mimi na daktari tulidhani dawa imeshindwa. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenijibu nini?"

Tabea aliziweka chupa kwenye ngazi ya baraza.

"Ungesema, Baba, tia tu, zipo," alisema mzee. "Nawe ungekwenda kulala na njaa Lemara. Nakujua. Mama yako alikuwa hivyo hivyo." Furaha ile ilikuwa imeondoka usoni, na bila hiyo alionekana mzee sana. "Daktari aliniuliza kama naruka. Sikusema uongo."

"Najua, Baba."

"Nilidhani naongoza maji."

Alikaa tena kwenye kigoda, kamba ikiwa mapajani. Kisha aliuliza, "Na ule mtihani? Si ulisema ni wiki hii?"

"Ulikuwa leo."

"Umemaliza?"

"Hapana. Niliondoka."

"Umeacha maswali mangapi?"

"Kumi na matatu."

Mzee Sadoki alitikisa kichwa polepole. Alifumba macho yote mawili, lile lililokufa na lile lililobaki, na chozi likatoka kwenye yote mawili sawasawa.

Tabea hakungoja jioni. Alipiga magoti, akafungua chupa mpya, akakishika kidevu cha baba yake. Tone la kwanza lilianguka shavuni likachanganyika na chozi. La pili liliingia.

*

Majina yalibandikwa Jumanne. Lilian alimpigia simu, akamsalimia mara mbili.

"Sema tu, mwanangu," alisema Tabea.

"Mimi ni wa sita."

"Mungu akubariki. Ulistahili."

"Mama Sia, wa nane amepata kumi na nane. Wewe una kumi na sita." Sauti yake ilivunjika. "Kumi na sita katika kumi na saba! Ungebaki pale! Maswali matatu tu! Ungebahatisha tu!"

"Nimesikia, Lilian."

"Nitaongea na Bwana Ndesanjo."

"Usiongee naye. Hata mkataba hujautia sahihi. Fanya kazi."

Alikata simu, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Chumba cha Lemara angekirudisha mwisho wa mwezi. Angepanda huku, angetia matone kila jioni kwa mkono wake, angeteremsha mikungu ya ndizi Kikatiti siku za gulio. Chupa tatu zingewatosha miezi mitatu. Baada ya hapo hakuona kitu. Alijaribu kutazama na hakuona.

Alhamisi walikuwa kliniki kabla milango haijafunguliwa. Tabea alimweleza Daktari Agnela yote, kamba na mgao na kopo la kahawa, na daktari alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Alitaka kugomba, ilionekana. Alimtazama mzee aliyekaa wima na kofia mapajani.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "dawa hii haina kiangazi. Kila siku. Hata Jumapili, hata msibani."

"Nimefundishwa," alisema Mzee Sadoki. "Na mwalimu alikuwa mkali."

Daktari alipima. Alipima tena. Kalamu yake ilikwenda kwenye kadi, na Tabea, ambaye kwa zaidi ya wiki mbili alikuwa ameibeba ile thelathini na nne kifuani kama jiwe, aligeuza uso akatazama ukutani.

"Ishirini na saba," alisema daktari.

Tabea aligeuka.

"Usifurahi upesi," daktari aliendelea. "Presha imeshuka, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Upasuaji bado unahitajika, na bado ni mapema kusema kama bomba lenyewe litabaki. Bima vipi?"

"Hakuna bima."

Daktari Agnela aliandika tarehe ya kurudi, akakaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu kuliko tarehe ilivyohitaji. "Rudini mwezi ujao," alisema. "Nitaulizauliza. Siahidi."

Nje jua lilikuwa kali. Tabea alimshika baba yake mkono kuvuka barabara, kisha wakasimama kwenye kivuli cha ukuta ili apumue. Aliitoa kadi. Ishirini na tisa, ishirini na saba. Alitazama katikati yake, kwa mazoea.

"Itakayofuata ni ngapi?" aliuliza mzee. "Wewe si umesomea?"

"Sijui, Baba. Namba mbili hazitoshi."

"Zinatakiwa ngapi?"

"Angalau tatu."

Mzee alivaa kofia yake, akauelekeza uso wake barabarani, upande ambao si wa kwenda nyumbani, mpaka Tabea alipomgeuza kwa upole.

"Basi tukaingoje," alisema.